Istilahi za Utengenezaji wa Sabuni Nyumbani

Utangulizi

Neno sabuni ni la zamani katika Kiswahili. Limeingia kutoka Kiarabu, nalo lina udugu na neno la Kilatini sapo. Kwa hiyo hakuna anayeona shida kulitamka au kulielewa. Shida huanza pale mtu anapotaka kueleza jinsi sabuni inavyotengenezwa. Hapo maneno humpungukia, au humzidi, maana kitu kimoja huwa na majina matatu na jina moja huwa la vitu viwili.

Kazi hii inafanywa na watu wengi. Huko Kigoma hutengenezwa sabuni ya mawese ijulikanayo kwa jina la gwanji. Huko Paje, Zanzibar, wako akina mama wanaotia unga wa mwani katika sabuni ya mafuta ya nazi. Mafunzo yao hutolewa kwa Kiswahili, aghalabu kwa mdomo au kwa karatasi zilizopigwa chapa kwa haraka. Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maneno yatumikayo katika mafunzo hayo na kupendekeza yapi yashikwe. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba suala hili si la ufasaha peke yake. Katika kazi hii neno baya huweza kumchoma mtu mkono, au kumuunguza mtoto koo.

Magadi na kostiki

Magadi ni chumvi ya asili ipatikanayo katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama vile Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Kikemia ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Watu huyatumia kulainishia maharage, kupikia mlenda na kuchanganyia tumbaku. Ni kitu cha jikoni, na mtoto hutumwa dukani kukinunua.

Kitu kinachogeuza mafuta kuwa sabuni ngumu ni kingine. Hicho ni haidroksaidi ya sodiamu, dutu nyeupe iuzwayo kwa vipande vyembamba au punje, ambayo huunguza ngozi, macho na utumbo. Watengenezaji huiita kwa majina mbalimbali: kostiki, soda kali, magadi makali, na wengine magadi tu. Hapo ndipo penye hatari. Aliyeambiwa atumie magadi akatia magadi ya kupikia hatapata sabuni, kwa sababu kaboneti haina nguvu ya kuyavunja mafuta ipasavyo. Hasara yake ni mafuta tu. Lakini aliyekuta kopo limeandikwa magadi, na ndani mna haidroksaidi, akatia kijiko katika chungu cha maharage, hasara yake ni uhai.

Wako wanaopendelea magadi makali kwa hoja kwamba limeundwa kwa maneno yetu wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, na kwa kawaida istilahi iliyotokana na lugha za Kibantu hupewa nafasi ya kwanza. Hata hivyo, mazoea ya wasemaji ni kufupisha. Jina lenye kivumishi likizoeleka, kivumishi huachwa: magadi makali yatakuwa magadi. Soda kali nayo ikifupishwa itakuwa soda, na soda kwa Mswahili wa leo ni kinywaji cha chupa. Jambo hili si la kubuni, kwani wapo wanaohifadhi maji ya haidroksaidi katika chupa tupu za vinywaji, na watoto wameyanywa wakidhani ni soda. Koo lililoungua kwa namna hiyo hupona kwa kovu, na kovu hulibana hata chakula kisipite.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kostiki. Ni neno la kukopa, lakini tayari limekwisha kuvaa umbo la Kiswahili, linajulikana madukani, na hata likifupishwa haliangukii juu ya jina la kitu kiliwacho au kinywewacho. Magadi yabaki kuwa jina la chumvi ya ziwani peke yake.

Maji ya majivu na mmumunyo

Kabla ya kostiki kuenea, watu walichuja maji katika majivu, wakayachemsha pamoja na mafuta. Maji hayo yana potashi, hasa yakitokana na majivu ya maganda ya ndizi, nayo hutoa sabuni laini isiyoganda sawasawa. Jina maji ya majivu linaeleweka na halina haja ya kubadilishwa.

Kwa upande wa kostiki, ni afadhali tusiseme maji ya kostiki, kwani katika mazungumzo ya kazini yatakuwa maji. Neno mmumunyo lipo katika masomo ya kemia kwa maana ya kimiminika ambacho ndani yake kitu kimeyeyuka. Basi tuseme mmumunyo wa kostiki, na chombo chake kiandikwe hivyo.

Hapa tugusie pia sarufi ya maelekezo. Karatasi nyingi husema, “Changanya kostiki na maji.” Sentensi hii ni sahihi, lakini haielezi kipi hutangulia. Maji yakimwagwa juu ya kostiki, huchemka ghafla na kuruka usoni. Mwandishi hana budi aandike, “Tia kostiki katika maji kidogo kidogo, huku ukikoroga.” Aongeze kwamba mmumunyo hupata moto sana bila kuwekwa jikoni, na kwamba mvuke wake usivutwe puani.

Neno sufuria nalo latakiwa kuangaliwa. Siku hizi sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni iwezayo kuwaka. Kwa hiyo maelekezo yasiseme sufuria bila kufafanua. Yaseme chombo cha plastiki ngumu, au cha chuma kisichoshika kutu.

Kusabunika

Mafuta yanapokutana na kostiki huvunjika, yakatoka sabuni na gliserini. Tendo hili linahitaji jina. Wengine wametumia usabunishaji, wakifuata mfano wa utaifishaji kutokana na taifa. Umbo hilo ni halali, lakini kiambishi cha kusababisha humwelekea mtendaji, yaani mtu anayeyafanya mafuta yawe sabuni. Tendo lenyewe hutokea ndani ya mafuta, nalo huendelea hata mtengenezaji akiwa amelala. Kitenzi kinachofaa ni sabunika, na jina lake usabunikaji. Sabunisha kibaki kwa kazi ya fundi.

Wakati wa kukoroga, uji wa mafuta na mmumunyo hufikia kiwango ambapo tone lililoangushwa juu yake huacha mstari usiozama mara moja. Huo ndio wakati wa kuumimina katika kalibu. Tunapendekeza hatua hiyo iitwe mchirizi. Baada ya siku moja au mbili sabuni hutolewa katika kalibu, hukatwa, na kuwekwa penye hewa kwa wiki nne hadi sita ili ikauke na ukali wake upungue. Kwa muda huo tutumie neno kukomaa. Sabuni ndefu isiyokatwa ni mche, kama wasemavyo wenye maduka, na kilichokatwa ni kipande.

Vipimo

Kila aina ya mafuta huhitaji kiasi chake cha kostiki. Gramu 1000 za mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183, na gramu 1000 za mawese takriban gramu 141. Anayechanganya gramu 500 za kila moja atahitaji gramu 162. Kwa usalama hupunguza asilimia 5, akapima gramu 154, ili yabaki mafuta yasiyosabunika. Mafuta hayo tuyaite mafuta ya akiba.

Sasa tazama madhara ya kusema lita mahali pa kilo. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi. Mafuta ya lita moja katika mchanganyiko huo yanahitaji gramu 149 tu za kostiki. Akitia gramu 154, akiba yote imekwisha, na zaidi ya hapo kostiki imebaki katika sabuni itakayopakwa mwilini. Kibaba, kikombe na kijiko ni vipimo vya ujazo. Katika kazi hii lisemwe neno uzito, na itumike mizani.

Sabuni ya asili

Neno asili lina maana ya chanzo, ya maumbile, na ya mambo ya jadi. Sabuni ikiitwa ya asili, mnunuzi hudhani haikuguswa na kemikali. Dhana hiyo si sahihi, kwani hakuna sabuni isiyopitia alkali, iwe ya kostiki au ya majivu. Lililo kweli ni kwamba kostiki iliyopimwa vema huisha yote katika kusabunika. Ni bora kusema sabuni ya mkono, au kutaja mafuta yake: sabuni ya nazi, sabuni ya mawese.

Istilahi zinazopendekezwa

Kostiki: haidroksaidi ya sodiamu itengenezayo sabuni ngumu.
Magadi: chumvi ya ziwani itumikayo kupikia.
Maji ya majivu: maji yaliyochujwa katika majivu, yenye potashi.
Mmumunyo wa kostiki: maji ambayo kostiki imeyeyuka ndani yake.
Usabunikaji: kugeuka kwa mafuta kuwa sabuni na gliserini.
Mchirizi: kiwango cha uzito wa uji kinachofaa kumiminwa.
Kalibu: chombo kinachoipa sabuni umbo.
Kukomaa: kukaa kwa sabuni penye hewa hadi iwe tayari kutumika.
Mafuta ya akiba: mafuta yanayoachwa makusudi yasisabunike.

Hitimisho

Baadhi ya maneno haya yanaweza kupata mbadala ulio bora, na wasomaji wanakaribishwa kuyajadili, hasa wale wanaofanya kazi yenyewe. Lakini kutenganisha magadi na kostiki kusingojee mjadala. Kila atoaye mafunzo aanze nalo, na kila kopo la kostiki liandikwe jina lake kwa herufi kubwa na kuwekwa mbali na jiko na watoto. Tena karatasi ya maelekezo iseme wazi: aliyemwagikiwa aoshwe kwa maji mengi yatiririkayo; aliyemeza asitapishwe wala asipewe siki, bali asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja.