Kasa na Jarife katika Mlango wa Mafia

Mtu apandaye chombo katika gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, kuelekea Kilindoni hupita kwanza katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji, kisha hutokea katika mlango wa bahari uitengao Mafia na bara. Chini ya maji hayo, yasiyo na kina kirefu, mna malisho ya nyasi za baharini. Humo hulisha kasa, na humo pia wavuvi hutega majarife.

Jarife ni wavu wa macho mapana uliokusudiwa papa na taa, nao aghalabu hulazwa usiku kucha. Kasa si samaki. Ni mnyama wa jamii ya kobe, avutaye hewa kwa mapafu. Akipumzika aweza kukaa chini ya maji kwa saa kadhaa, lakini akinaswa hupapatika, na kupapatika huko huimaliza upesi oksijeni iliyomo mwilini. Alfajiri mvuvi huvuta wavu uliochanika, na ndani yake mzoga ambao sheria haimruhusu kuuuza. Kwamba wapo waulao hata hivyo, hakuna mpwani asiyejua.

Ng'ambo ya mlango huo, katika kisiwa cha Juani, majike hupanda pwani kutaga. Juani imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Tangu mwaka 2001 shirika la Sea Sense liliwashirikisha wanavijiji kulinda viota, na aliyetoa taarifa ya kiota alipewa malipo. Kazi hiyo ni njema. Walakini yai si mama.

Kasa jike huchukua miongo miwili au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na hukadiriwa kuwa katika mayai 1,000 huenda likatoka moja tu litakalofikia utu uzima. Chukua mfano wa jike atagaye kila baada ya miaka 3, viota 3 vya mayai 110 kila msimu. Katika misimu 7 atakuwa ametaga mayai 2,310, yaani warithi wawili na ushei: mmoja badala yake, mmoja badala ya dume. Akinaswa baada ya misimu 2, mayai yake ni 660, na mrithi hata mmoja hatimii. Mwaka 1987 Deborah Crouse na wenzake wa Marekani, wakikokotoa habari za kasa wa aina nyingine, walionyesha kuwa hata kuyaokoa mayai yote kusingezuia idadi kupungua, madhali waliokwisha kukua waendelea kufa.

Dawa yajulikana: jarife litegwe mbali na nyasi, likaguliwe mara kwa mara usiku. Lakini mafuta na usingizi vipoteavyo ni vya mvuvi peke yake. Malipo ya viota yalionyesha kuwa gharama ya namna hiyo yaweza kugawanywa. Kwa jarife kazi ni ngumu zaidi, kwani kiota huonekana mchangani, na kasa aliyefunguliwa hai usiku hana shahidi ila mvuvi mwenyewe.