Sumu za Mbwa Zilizomo Nyumbani Mwetu

Huku kwetu Muhokya mbwa si pambo la nyumba. Nchi yetu imekaa kati ya milima ya Rwenzori na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na nyani hawaujui mpaka wa hifadhi. Mbwa ndiye awafukuzaye katika mahindi mchana, na ndiye abwekaye usiku fisi akikaribia zizi la mbuzi. Kwa hiyo mbwa akifa ghafula, nyumba imepoteza mlinzi, na wenyewe hukasirika. Mara nyingi neno la kwanza linalosemwa ni hili: "Jirani amemtilia sumu." Kutokana na neno hilo huzaliwa ugomvi, na ugomvi huo huweza kudumu miaka mingi baada ya mbwa mwenyewe kusahauliwa.

Ni kweli kwamba wako watu wanaotega sumu, nami nitawataja mbele. Lakini wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Vitu vingi vinavyoua mbwa havikuletwa na adui. Vimo jikoni, ghalani na shambani mwetu wenyewe. Yafaa sisi wanafunzi tuvijue, na ninyi pia mliotutangulia, ambao sasa mna nyumba na mifugo yenu.

Labda msomaji atauliza: Chakula ambacho mtu hula kila siku chawezaje kumwua mbwa? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mwili wa mbwa haufanyi kazi sawasawa na wetu. Ini la mtu huvunja upesi vitu fulani ambavyo ini la mbwa huvivunja polepole sana, navyo hukaa katika damu mpaka vikadhuru. Sababu ya pili ni uzito. Mbwa wa kawaida wa kijijini huweza kuwa na kilo 15 hivi, yaani uzito wa mtoto mdogo. Kiasi ambacho mtu mzima hakisikii chatosha kumwangusha mbwa.

Sasa tuvitazame vitu hivyo kimoja kimoja.

Kwanza ni kakao na kahawa. Ndugu zetu wa Bundibugyo hulima kakao na kuzianika punje zake juani, na huku kwetu kahawa hulimwa katika miteremko ya Rwenzori. Ndani ya kakao mna kitu kiitwacho theobromini, na ndani ya kahawa mna kafeini. Vitu hivi viwili ni ndugu. Mbwa huchukua muda wa saa 17 hivi kuitoa nusu tu ya theobromini aliyoila. Gramu 15 za unga wa kakao huweza kumtapisha mbwa wa kilo 15, na gramu 45 huweza kumtia degedege na kumwua. Dalili zake ni kutapika, kuharisha, kuhema, moyo kwenda mbio na kutetemeka.

Pili ni kitunguu, na kitunguu saumu pia. Hivi huharibu chembe nyekundu za damu. Kukipika kitunguu hakuondoi sumu yake, kwa hiyo mchuzi wenye vitunguu vingi ni hatari kama kitunguu kibichi. Gramu 225 hivi, yaani vitunguu viwili au vitatu, zatosha kumdhuru mbwa wa kilo 15. Ubaya wa sumu hii ni kwamba haionekani siku ile ile. Baada ya siku kadhaa mbwa hulegea, ufizi wake huwa mweupe na mkojo wake huwa mwekundu au kahawia. Wakati huo mwenye mbwa amekwisha sahau alichompa, naye huanza kumtafuta mchawi.

Tatu ni zabibu na ukwaju. Kwa muda mrefu waganga wa mifugo walijua kwamba zabibu huharibu figo za mbwa, lakini hawakujua kwa nini. Mwaka 2021 waganga wa Marekani walieleza kwamba huenda sababu ni asidi ya tartari iliyomo ndani yake. Asidi hiyo hiyo imo kwa wingi katika ukwaju, na mbwa waliokula ukwaju wameonekana kuharibika figo vivyo hivyo.

Nne ni chumvi. Sisi tu jirani wa Ziwa Katwe, nayo chumvi huku haina thamani ya kufungiwa sandukuni. Huachwa hata kando ya mlango. Gramu 4 za chumvi kwa kila kilo ya uzito wa mbwa huweza kumwua. Basi kwa mbwa wetu wa kilo 15 ni gramu 60 tu. Chumvi nyingi hunyonya maji kutoka katika ubongo, na mbwa huanza kuyumba kama mlevi, kisha hupatwa na degedege.

Tano ni mbegu za pamba. Kasese ni nchi ya pamba tangu zamani, na mashudu ya pamba hupewa ng'ombe bila madhara makubwa, kwa sababu tumbo la mnyama acheuaye huipunguza nguvu sumu yake iitwayo gosipoli. Mbwa hacheui. Akiyala mashudu hayo siku nyingi, sumu hujikusanya mwilini na kuudhoofisha moyo, mpaka siku moja hufa kama aliyepigwa. Katika jamii hii ya mbegu tuweke pia mbarika, ambayo huota ovyo kandokando ya nyumba. Mbegu yake ikitafunwa hutoa risini, sumu kali kabisa kwa mbwa na kwa mtoto pia.

Sita ni muhogo mbichi. Mama zetu huuloweka na kuuanika kabla ya kuusaga unga wa bundu, nao hawafanyi hivyo kwa desturi tu. Muhogo mchungu una sumu ya sainidi, na maganda huwa nayo nyingi kuliko nyama yake. Maganda mabichi yasitupwe mahali ambapo mbwa na mbuzi huyafikia.

Saba ni chakula kilichoota ukungu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa maana husema, "Mahindi haya hayaliwi na watu, mpeni mbwa." Ukungu wa mahindi na karanga hutoa aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu, nayo huharibu ini. Mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2005 mbwa wengi walikufa Marekani kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye ukungu. Wala mtu hasalimiki: mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Kwa hiyo mahindi yasiyomfaa mtu hayamfai mbwa pia; yafaa yazikwe au yachomwe moto.

Nane ni dawa za binadamu. Mtu akimwona mbwa wake anachechemea humpa vidonge vya parasetamoli kwa huruma. Vidonge vitatu vya miligramu 500 huweza kuharibu ini la mbwa wa kilo 15, na dawa kama ibuprofeni humtoboa tumbo na kuharibu figo. Tena iko sukari iitwayo zailitoli, ambayo hutiwa katika peremende za kutafuna zisizo na sukari ya kawaida. Kidogo tu huishusha sukari ya damu ya mbwa kwa muda wa nusu saa.

Sasa nije kwa sumu ya kutega. Mwezi wa Aprili 2018, karibu na Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, simba 11 walikutwa wamekufa, na katika hao 8 walikuwa watoto. Wenye kuilinda hifadhi walishuku kwamba walitegewa sumu. Mwezi wa Machi 2021 simba wengine 6 walikutwa wamekufa huko Ishasha, na tai wamekufa karibu nao. Mtu anayetia dawa ya wadudu katika mzoga humkusudia simba aliyemla ng'ombe wake, na hasira yake twaielewa. Lakini sumu haichagui. Mbwa wa jirani hula mzoga ule ule, naye hutokwa na mate mengi, hutetemeka na kufa upesi. Hata mbwa wa yule aliyetega haponi.

Basi mbwa akila sumu, tufanye nini? Mwondoeni penye sumu, na watoto pia. Kama ni dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyommwagikia, vaeni mifuko ya plastiki mikononi, mwosheni kwa sabuni na maji mengi. Wekeni chupa au mabaki ya chakula alichokula, mkamwite daktari wa mifugo na kumwambia mambo matatu: amekula nini, kiasi gani, na saa ngapi. Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Watu wengi hufanya hivyo, lakini tumekwisha ona kwamba chumvi yenyewe ni sumu. Msimmiminie maziwa wala mafuta akiwa katika degedege, maana yataingia katika mapafu.

Na jambo moja kubwa kuliko yote: kichaa cha mbwa nacho huleta mate mengi, kutetemeka na kuyumba. Kwa sababu hiyo mtu asitie mkono wake katika kinywa cha mbwa mgonjwa. Akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa akiisha kufa, msimtupe porini, kwa sababu fisi na tai watakula sumu ile. Mwiteni daktari wa mifugo kwanza, maana aweza kuchukua kipande cha ini na vitu vilivyomo tumboni vikapimwe. Kisha azikwe katika shimo refu. Wakati mnangojea jibu, tazameni jikoni, ghalani na jalalani. Ikiwa huko hamkuona kitu, na kipimo kimeonyesha sumu ya kutega, hapo pelekeni neno lenu kwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini jina la jirani lisitajwe kabla ya hapo, kwa sababu mbwa mwingine hupatikana, bali jirani aliyesingiziwa ni vigumu kumrudisha.