Jogoo wa pambo: unga, magazeti, kitambaa au maganda ya mgomba?

Shule zikifungwa, watoto wanataka kazi ya mikono, na mzazi anataka kazi isiyokula fedha ya mboga. Jogoo mdogo wa kupamba kabati au dirisha ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwili wake ni wa mviringo, kilemba ni chekundu, mkia una rangi nyingi, na hata mtoto akikosea kidogo kazi yake bado itaonekana ni jogoo. Kinachobaki ni kuamua atengenezwe kwa kitu gani na kwa gharama ipi.

Nimelinganisha njia nne zinazowezekana katika nyumba nyingi za Tanzania. Bei hutofautiana mtaa hadi mtaa, kwa hiyo katika hesabu hizi nimechukulia kwamba kilo ya unga wa ngano ni shilingi 2,000, kilo ya chumvi 1,000, sindano na uzi 1,000, chupa ndogo ya gundi nyeupe 2,000, na boksi dogo la rangi za maji 5,000. Weka bei za dukani kwako, kisha piga hesabu upya.

Orodha hiyo inaonyesha jambo moja mapema. Mwili wa jogoo hugharimu kidogo sana. Fedha huondoka kwenye rangi na gundi. Njia ya kubana matumizi, basi, ni kuchagua kitu kinachojishika bila gundi ya dukani na ambacho tayari kina rangi yake.

Unga na chumvi

Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi laini. Ongeza maji kidogo kidogo, yasizidi kikombe kimoja, mpaka upate donge kama la chapati. Unga wa gramu 250 hivi ni shilingi 500, chumvi ya gramu 300 hivi ni shilingi 300. Kwa shilingi 800 utapata majogoo bapa wa kutundika karibu wanane, yaani shilingi 100 kwa kila mmoja. Unene usizidi sentimita moja, kwa sababu donge nene hukauka juu likabaki bichi ndani, kisha hupasuka.

Gharama iliyojificha ni moto. Kukausha kwenye oveni ya nyuzi 100 huchukua saa mbili hadi tatu, na umeme au mkaa wa muda huo unaweza kuzidi bei ya unga wenyewe. Jua la siku tatu hadi tano ni la bure, mradi uwe unawageuza na kuwaingiza ndani jioni.

Jambo la pili ni unyevu. Chumvi huvuta maji ya hewani, hivyo jogoo atakayedumu Dodoma anaweza kulainika Tanga au Unguja kama hakupakwa vanishi, na hiyo ni gharama nyingine. Tena, donge hili si la kuonja. Chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto mdogo, na hata kwa mbwa au paka wa nyumbani.

Faida yake ni kubwa kwa wadogo. Mtoto wa miaka mitatu au minne hukanda, hubonyeza na kuchora manyoya kwa uma bila kusubiri msaada wa mtu.

Magazeti na trei za mayai

Kunja gazeti kuukuu liwe mpira, lifunge kwa uzi, kisha bandika juu yake vipande vya karatasi vilivyochovywa kwenye uji mzito wa ngano. Nusu kikombe cha unga, karibu shilingi 120, hutosha majogoo wawili au watatu. Trei ya mayai ya karatasi ikilowekwa na kupondwa hutoa rojo zuri la kuumbia mdomo na kilemba. Ongeza kijiko cha chumvi kwenye uji ili kuchelewesha ukungu, na kila tabaka likauke kabla ya kubandika lingine. Kama halikukauka vizuri, mende watalifuata.

Udhaifu wa njia hii ni rangi yake ya kijivu. Ukinunua boksi la rangi kwa ajili ya majogoo wawili tu, kila mmoja amekugharimu zaidi ya shilingi 2,500. Tabaka la mwisho lifanye kwa kurasa za kalenda ya mwaka uliopita au karatasi za kufungia zawadi, na gharama hiyo itaondoka. Njia hii inawafaa watoto wa miaka mitano na kuendelea wenye subira ya siku kadhaa.

Mabaki ya kitambaa

Fundi cherehani wa mtaani huwa na vipande vya vitenge visivyomfaa tena. Omba, au mpe chochote kidogo. Kata miraba miwili ya sentimita 12. Shona pande tatu, geuza, jaza sufi au vitambaa vilivyokatwakatwa. Upande wa nne ufunge kwa kukutanisha mishono miwili ya ubavuni. Mfuko utasimama na kuwa na ncha, na ncha ya juu ndiyo kichwa. Kilemba na mkia ni vipande vinavyoshikizwa ndani ya mishono. Usijaze nafaka, kwani zitavuta wadudu.

Sindano na uzi wa shilingi 1,000 vitashona majogoo wengi, hivyo kila anayeongezeka hushusha gharama ya waliotangulia. Rangi imo tayari kwenye kitenge, gundi haihitajiki, na unyevu wa pwani haumdhuru. Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kushona mwenyewe mkubwa akiwa karibu; mdogo wake atachagua vitambaa na kujaza sufi. Njia hii pia humwachia mtoto ujuzi wa kutia uzi na kushona, atakaoutumia siku kifungo cha shati kikikatika.

Maganda ya mgomba

Kagera, Kilimanjaro na Rungwe hii ndiyo njia ya bure kabisa. Chukua maganda makavu ya shina la mgomba, yanyunyizie maji yalainike, yakunje yawe mwili, kisha yazungushie ukanda mwembamba wa ganda hilohilo na kufunga. Mjini waulize wauza ndizi, ambao mara nyingi hupokea mzigo uliofungwa kwa majani makavu. Rangi ya kahawia hupendeza ilivyo. Kitambaa chekundu kidogo kinatosha kilemba. Kukaza vifundo kunahitaji mikono yenye nguvu, kwa hiyo wenye miaka minane na zaidi ndio watakaofurahia.

Usibane matumizi kwenye usalama

Mabaki ya rangi ya mafuta ya nyumba yasiguse kazi ya watoto. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya njano, mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Supaglu nayo iachwe dukani, kwani hugandisha vidole papo hapo. Penye mtoto wa chini ya miaka mitatu, macho yachorwe au yatariziwe kwa uzi. Kifungo, harage au ushanga wowote unaopita ndani ya kigunzi cha toileti pepa unaweza kumkaba.

Uamuzi

Ukiwa na watoto wa chekechea na unaishi penye hewa kavu, chukua unga na chumvi, ukaushe kwa jua. Kama magazeti na kalenda za zamani zimejaa nyumbani, tumia hizo. Penye migomba, usinunue kitu.

Kwa familia nyingi, hasa za pwani na zenye watoto wa umri mchanganyiko, ningechagua kitambaa bila kusita. Kwa shilingi 1,000 kila mtoto anapata jogoo wake, sindano inabaki kwa kazi ya kesho, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na watoto wenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalostahili kupimwa kabla ya bei. Jogoo aliyeshonwa na mzazi huku mtoto akitazama ni ghali hata kama amepatikana bure.