Nyuki Asiye na Mzinga Naye Ana Fungu Lake

Qur'ani Tukufu ina sura nzima yenye jina la nyuki, Surat An-Nahl, sura ya 16. Katika aya ya 68, Mwenyezi Mungu (S.W.) anataja makazi ya mdudu huyu: milimani, mitini na katika yale wanayoyajenga wanaadamu. Tuzingatie mpangilio huo, ndugu Waislamu. Mzinga tuutengenezao sisi umetajwa mwisho.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Wingwi na Pemba nzima, ambako watu wanahimizwa kufuga nyuki ili familia zipate kipato na mikoko isalimike. Kazi hiyo ni ya halali na yenye baraka. Lakini maua hayaongezeki kwa sababu mizinga imeongezeka. Hata karafuu, iliyoipatia Pemba jina, huchumwa kabla haijachanua. Mzinga mmoja huweza kuwa na makumi ya maelfu ya nyuki, nao huruka kilomita 3 na zaidi kutafuta mbochi na chavua. Nyuki wengi wa porini huishi mmoja mmoja, na walio wadogo hawafiki mbali.

Katika kisiwa kidogo cha Giannutri, nchini Italia, mizinga 18 ilipelekwa mwaka 2018. Watafiti walipoifunga kwa saa chache, mbochi na chavua viliongezeka mauani. Utafiti wao, uliotolewa mwaka 2025, ulieleza kuwa jamii mbili za nyuki pori walizozichunguza zilipungua kwa takriban asilimia 80 katika miaka minne.

Atasema msemaji: nyuki wetu wa asali ni mwenyeji wa Afrika, si mgeni kama yule wa Giannutri. Ni kweli, na kwa hiyo hukumu ya kule tusiihamishie huku nzima nzima. Hata hivyo, kurundika mizinga mingi mahali pamoja ni kazi ya mikono yetu, si desturi ya msitu.

Na hasara yake huingia hadi jikoni. Ua la tungule na la bilingani hutoa chavua vizuri likitikiswa kwa mvumo, na nyuki wa asali hana ufundi huo. Anao yule dudu mkubwa mweusi atoboaye boriti, tunayemfukuza kwa fagio. Naye ndiye hodari wa kuchavusha pesheni.

Basi mwenye kufuga na ayahesabu maua kabla ya kuihesabu mizinga. Aitawanye, asiirundike, hasa pembezoni mwa msitu kama Ngezi. Aache gogo kavu liwe nyumba ya nyuki pori, apande miti ya maua, wala asichome vichaka ovyo.

Katika Surat Ar-Rahman tumekatazwa kudhulumu katika mizani. Mizani haiko dukani tu; hata ua lina kipimo chake, na wenye haki humo ni wengi.

Wabillahi tawfiq.