KISU KILICHOBAKI DUKANI

Wahenga walituachia methali mbili zinazopingana kama mafahali wawili katika zizi moja. Ya kwanza yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yajibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Hakuna watu wazijuao methali hizi kwa uchungu kama wakusanyaji wa visu vya mfukoni, yaani wale wanunuao visu vya kukunja si kwa kukatia kamba tu, bali kwa kuviweka, kuvitazama na kuvilinganisha. Mwombe mmoja wao akuonyeshe hazina yake, naye atafungua sanduku kwa furaha. Lakini mwulize juu ya kisu alichokitamani asikinunue, utamwona akinyamaza kidogo, kisha atakieleza kwa kirefu kuliko vyote alivyo navyo.

Huenda ukadhani, ndugu msomaji, ya kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa nchi za mbali, usiomhusu askari aliye kambini wala mama apangaye matumizi ya nyumba. Sivyo. Kila mmoja wetu ana kitu alichokitazama kupitia kioo cha duka, akazihesabu fedha zake kimoyomoyo, akaenda zake. Visu vilivyobaki dukani vinatufundisha kuitenga haja na tamaa, na kuutambua wakati ambapo kuchelewa ni hasara.

KISU AMBACHO JESHI HALIKUKINUNUA

Tuanze Uswisi. Mwaka 1884 fundi Karl Elsener alifungua karakana ya visu katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz. Wakati huo jeshi la nchi hiyo lilikuwa likitafuta kisu cha kumpa kila askari: kiwe na bapa la kukatia, kifungulio cha makopo, sindano ya kutobolea ngozi, na bisibisi ya kufungulia bunduki mpya ya mwaka 1889. Visu vya kwanza vilitoka Solingen, Ujerumani, kwa kuwa Uswisi haikuwa na karakana iliyoweza kazi kubwa kiasi hicho. Elsener akawakusanya mafundi wenzake, na mwaka 1891 wakaanza kulipatia jeshi visu vilivyotengenezwa nyumbani. Lakini visu vya Solingen vilikuwa rahisi zaidi. Wenzake wakajitoa mmoja mmoja, naye akabaki peke yake na madeni, nusura afilisike.

Hakukata tamaa. Alibuni kisu kingine, chepesi kuliko cha kwanza, chenye bapa la pili na kizibuo cha chupa, akakisajili tarehe 12 Juni 1897 kwa jina la kisu cha maofisa. Jeshi halikukitia katika orodha ya vifaa vyake. Askari aliendelea kupewa kisu chake cha kazi, bali ofisa aliyekitaka kile kipya ilimpasa kutoa fedha zake mwenyewe. Wakakinunua. Baada ya Vita Kuu vya Pili, askari wa Marekani waliokuwa Ulaya nao walikinunua kwa wingi katika maduka ya kambini, wakakichukua hadi kwao na kukieneza jina. Hivyo kisu cha jeshi kilicho mashuhuri kupita vyote duniani ni kile ambacho jeshi lenyewe halikukinunua. Walikinunua watu waliokwisha kukipima mkononi na kuiona kazi yake.

BEI NA KUCHELEWA

Kwa nini basi mtu akitamani kisu akiache? Sababu ya kwanza ni bei. Mwaka 2006 kampuni ya Wenger, iliyokuwa ikilipatia jeshi la Uswisi visu sambamba na kampuni ya Elsener, ilitengeneza kisu cha ajabu kilichokusanya zana zote ilizopata kuzibuni. Kilikuwa na zana 87 na kazi 141, na uzito wake ulizidi kilo moja. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 1,000 za Marekani, na kwa wauzaji wengine ilizidi hapo. Watu wengi walikitamani, wachache wakakinunua. Waliokiacha hawakukosea, maana kisu kisichoingia mfukoni hakiwi tena kisu cha mfukoni. Kimekuwa pambo.

Sababu ya pili ni kuchelewa, na hapa ndipo penye majuto ya kweli. Tangu mwaka 1961 hadi 2008 askari wa Uswisi walipewa kisu chembamba chenye mpini wa alumini, na kwenye shina la bapa paligongwa mwaka wa kutengenezwa kwake. Wako wakusanyaji wanaotaka kuwa na kila mwaka, na yule aliyesema, "Hiki cha mwaka huu nitakinunua mwakani," akakuta mwakani bapa limegongwa tarakimu nyingine. Baada ya 2008 aina yote ikaachwa, askari wakapewa kisu kipya kikubwa zaidi. Wenger nayo ilinunuliwa na Victorinox, kampuni ya ukoo wa Elsener, mwaka 2005, na kuanzia 2013 jina lake likaondolewa katika visu. Mtu aliyelizoea jina hilo kila alipopita dukani, akiamini litakuwapo siku zote, alirudi siku moja asilione.

CHA KAWAIDA HUDHARAULIWA

Sababu ya tatu yatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1901 mnyama okapi wa misitu ya Kongo alitambulishwa kwa wataalamu wa Ulaya kwa juhudi za Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini Uganda. Mwaka uliofuata, mafundi wa Solingen wakaanza kutengeneza kisu kilichoitwa kwa jina la mnyama huyo, wakakikusudia kwa makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Wengi wetu twakijua: mpini wa mti uliopinda, umepambwa kwa alama za miezi na nyota, na kipete kidogo nyuma ambacho sharti ukivute kabla ya kulikunja bapa. Unapokifungua hulia kwa meno yake ya chuma.

Kisu hicho kilikuwa rahisi, kikatumiwa kumenyea machungwa, kuchunia mbuzi na kukatia kamba, kikanolewa hata bapa likabaki jembamba kama jani la mchaichai. Nani angedhani kukiweka kimoja kipya sandukuni? Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji wake ulikoma Ujerumani ukahamia Afrika Kusini, ambako uliendelea. Leo mkusanyaji atafutaye Okapi ya kale yenye mhuri wa Ujerumani, tena isiyochakaa, ana kazi kubwa, kwa sababu watu walivitumia. Kitu cha fahari hutunzwa na wengi, bali cha kila siku huisha mikononi mwa watu bila kuagwa.

KILE AMBACHO NI HERI HAKIKUNUNULIWA

Sababu ya nne ni sheria, na nyuma ya sheria kuna dhamiri. Katika karne ya 19 mafundi wa Sheffield, Uingereza, walipamba mipini ya visu kwa pembe za ndovu, na kampuni ya Joseph Rodgers ilikuwa na ghala lililojaa pembe hizo. Visu hivyo ni vizuri kwa macho, na hadi leo vinatamaniwa. Lakini yakadiriwa kwamba ndovu wa Afrika walipungua kutoka milioni 1.3 mwaka 1979 hadi kiasi cha 600,000 mwaka 1989. Mwezi Julai mwaka huo Kenya iliteketeza kwa moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwezi Oktoba mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi na nchi. Askari wetu wa wanyamapori, ambao baadhi yao wamekufa wakikabiliana na majangili, wanaijua bei ya kweli ya mpini ule. Mkusanyaji aliyekitamani kisu cha namna hiyo akakiacha asihesabu kwamba amepoteza.

Hali kadhalika, sheria za kubeba visu hutofautiana. Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku tangu mwaka 1959 uuzaji wa visu vifunguliwavyo kwa kubonyeza kitufe. Ni wajibu wa mnunuzi kuuliza kwanza, asije akakinunua kwa fedha na kukitoa kwa aibu mpakani au uwanja wa ndege.

SWALI LA NYUMBANI

Sasa tuseme askari amerudi likizo, amekiona kisu dukani, na usiku anamwambia mkewe, "Mama watoto, nimeona kisu kizuri sana."

Mke mwenye busara hatamkaripia. Atamwuliza, "Kitafanya kazi gani, baba watoto, ambayo hiki ulicho nacho hakiifanyi?"

Kama jibu lipo, na karo imelipwa, na unga umo ndani, basi na wakiwekee akiba pamoja mwezi kwa mwezi, wakinunue kabla hakijatoweka, wala pasiwe na manung'uniko. Kama jibu halipo, na kibaki dukani. Jambo baya ni la katikati: kukinunua kwa siri kwa fedha za watoto, au kukiacha kwa kinyongo na kumlaumu mwenzako miaka kumi.

Tena yafaa kukumbuka ya kwamba kisu ambacho hakikununuliwa hakishiki kutu, hakipotei, wala hakivunjiki ncha. Kimekaa moyoni, na huko kila kitu hubaki kipya. Ndiyo maana chaonekana bora kuliko kilichomo mfukoni. Kabla ya kukililia hicho, kitoe ulicho nacho. Kioshe na kukikausha vema, tia tone la mafuta penye kiungio chake, kisha kinoe polepole juu ya kinoo, upande huu na upande huu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, nacho kikali hupatikana kwa kunoa.