Mguu Unaijua Kazi Yake

Mama amelala chali kwenye kitanda cha zahanati. Mguu wake wa kushoto umeisha nguvu tangu mvua za vuli. Una ganzi, unaburuta, na kuteremka mlima na mzigo wa tangawizi hawezi tena. Tabibu anaingiza kiganja chini ya kisigino cha mguu huo, anamwomba aukandamize godoroni. Mama anakunja uso, anajitahidi, kisigino hakisukumi kitu. Tabibu hauondoi mkono. Anamwomba sasa ausahau mguu huo, ainue ule wa kulia kwa nguvu zake zote, huku yeye akiuzuia kwa mkono mwingine. Wa kulia unapopambana kupanda, kisigino cha kushoto kinakibana kiganja cha tabibu mpaka godoro linabonyea.

Tabibu anamwita binti aliyemsindikiza mama yake na kumwonyesha pa kuweka kiganja. Kipimo kinarudiwa. Binti anahisi uzito uleule, anamtazama mama yake, na mama anauliza kuna nini. Ndipo anaposimuliwa kilichofanywa na mguu wake mwenyewe bila yeye kuuamuru.

Nilipanda Mamba Myamba, katika milima ya Upare wilayani Same, kwa ajili ya habari za tangawizi. Kilichonishika ni kisigino hicho.

Tabibu, mwanamke wa makamo aliyeomba nisimtaje jina, anaeleza taratibu. Mtu akiinua mguu mmoja, mwingine hukandamiza chini wenyewe ili mwili usiyumbe. Kama njia ya kutoka ubongoni hadi mguuni ingekuwa imekatika, kama ilivyo kwa aliyepigwa na kiharusi, nguvu hiyo isingetokea hata mama afikirie nini. Imetokea, basi njia ni nzima. Amri ndiyo inayokwama, na hukwama zaidi pale mwenyewe anapoukazia mguu macho na mawazo. Mama hadanganyi, wala haigizi. Anaumwa ugonjwa wa namna mishipa ya fahamu inavyofanya kazi, ingawa mishipa yenyewe haijaharibika.

Kipimo hiki hakihitaji umeme wala mashine. Kilielezwa mwaka 1908 na daktari Charles Hoover wa Cleveland, Marekani, naye alikieleza kama njia ya kugundua, pamoja na wagonjwa wa aina hii, watu wanaojisingizia ugonjwa. Kwa miaka mingi madaktari walikitumia wakabaki na siri yake. Mwaka 2012 daktari Jon Stone wa Edinburgh na mwenzake Mark Edwards waliandika wakihimiza kinyume chake: mgonjwa mwenyewe aonyeshwe, kwa sababu alama ileile iliyomshtaki ndiyo inayoweza kumpa matumaini. Tabibu huyu wa milimani anafuata njia hiyo ya pili.

Anasema wengi humfikia wakiwa na daftari lililojaa. Wamepimwa Same, wamepanda basi zaidi ya kilomita 100 hadi Moshi, wamerudi na majibu safi. Kwake, kumwambia mtu kama huyo kwamba hana tatizo ni kumwanzishia ugonjwa wa pili. Miguu inawaka moto, vidole vinachomwachomwa, misuli inacheza usiku; halafu anaambiwa hakuna kitu. Anabaki na mawili: ama anaonekana mwongo, ama ugonjwa wake ni mkubwa kiasi kwamba mashine hazijauona. Anaanza kujipima kila alfajiri, anajibonyeza, anajifinya, anaulinganisha mguu na mwenzake, kama ulimi usioacha kupapasa jino bovu. Na kiungo kinachochunguzwa hivyo huzidi kuhisi. Jibu safi humtuliza siku chache, kisha anatafuta nauli ya kipimo kingine.

Lakini tabibu haanzi na kisigino. Kwanza anapima sukari. Anauliza kuhusu pombe na VVU. Anatafuta mabaka yasiyohisi, maana ukoma haujatoweka. Anauliza kama mtu anameza dawa za kifua kikuu, kwani isoniazidi huweza kuunguza mishipa ya miguu asipopewa vitamini B6. Ana sababu ya kuwa mwangalifu. Mwaka 1985 watu wa Tarime walipooza miguu baada ya kula mihogo michungu ambayo haikuondolewa sumu ipasavyo. Ugonjwa huo, konzo, ulichunguzwa na daktari William Howlett na wenzake. Ambaye angeuita ugonjwa ule mawazo tu angekosea vibaya.

Nikamuuliza lile ambalo kila mwenye hofu huuliza: je, na wewe ukikosea? Hakulikwepa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2005 yalionyesha kwamba utambuzi wa maradhi ya aina hii ulikuwa na makosa kwa asilimia 29 katika tafiti za miaka ya 1950, makosa yakashuka hadi karibu asilimia 4 tangu miaka ya 1970. Asilimia 4 si sifuri. Kwa hiyo humwambia mgonjwa arudi, na akirudi humpima upya kwa mikono, bila kumpeleka mbio kwenye mashine.

Kisigino hakimsaidii kila mtu. Mwenye ganzi peke yake, mguu ukiwa na nguvu zake, hana cha kuonyeshwa kwa namna hii. Wengine huona, huelewa, na bado hofu hurudi usiku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yuko mbali, wa afya ya akili mbali zaidi, na wapo wanaoamini wamerogwa, ambao tabibu habishani nao.

Mama aliondoka akiwa bado anaburuta mguu, ameelekezwa mazoezi, ameambiwa arudi. Foleni nje ilikuwa imerefuka kwa sababu yake. Mashine ya Moshi ina bei, na watu huuza mavuno kuilipia. Muda wa tabibu aliyekaa na mgonjwa mmoja mpaka akaelewa hauna fungu katika bajeti yoyote niliyoonyeshwa. Huyu akihamishwa kesho, nani atauliza habari za mguu ule?