Mshauri wa Mwanamichezo ni wa Nani?

Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, Marekani, kina jengo la vioo lililozungukwa na bwawa la maji ya kina kifupi. Lilifunguliwa mwaka 2010 kwa fedha za Phil Knight, mmoja wa waasisi wa Nike. Mwanafunzi wa kawaida anaishia ghorofa ya chini, kwenye mgahawa. Huko juu, kwenye vyumba vya kujisomea na walimu wa tuisheni, wanapanda wanamichezo peke yao. Edward Cheserek wa Kenya, bingwa mara 17 wa mashindano ya vyuo vya nchi hiyo, alisoma chuoni hapo.

Mzazi wa Iten au Eldoret akionyeshwa picha za jengo kama hilo, moyo hutulia: mtoto atakimbia na atasoma. Inawezekana. Ila inafaa kwanza aelewe huduma hiyo ya kuwasaidia wanamichezo kimasomo ilitokana na nini na inapimwa kwa kigezo gani.

Mwaka 1989 Dexter Manley, nyota wa futiboli ya Kimarekani, aliwaambia maseneta huku akilia kwamba alipita miaka minne chuo kikuu bila kujua kusoma sawasawa. Wanasiasa walikuwa wameanza kuuliza vyuo vinawafanyia nini vijana wanaojaza viwanja. Mwaka 1991 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikavitaka vyuo vya daraja lake la kwanza viwape wanamichezo ushauri wa masomo na tuisheni.

Kazi ya mshauri huyo ni ya kila siku na haina makuu. Kanuni zinasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, lakini siku nzima ya mashindano huhesabiwa saa tatu tu, na safari haihesabiwi kabisa. Mkimbiaji anayeondoka Alhamisi na kurudi Jumapili usiku amekosa vipindi ambavyo kwenye karatasi ya kocha havionekani. Kwa hiyo mshauri huwaandikia wahadhiri mapema, hupanga mtihani ufanyike hotelini mbele ya msimamizi, na huwawekea wa mwaka wa kwanza saa za lazima za kujisomea. Mwalimu wa tuisheni anaelekeza, haruhusiwi kumwandikia mwanafunzi insha. Kwa vijana wetu hapa pana mtego: kunakili maneno ya kitabu bila kutaja chanzo, jambo ambalo shule nyingi za huku hulifumbia macho, kule ni kosa la kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kiini cha mambo ni hesabu ya asilimia. Ili NCAA imruhusu kushindana, mwanamichezo anapoanza mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada aliyoichagua, mwaka wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Tuseme shahada ina krediti 120. Binti ameanza na biashara, amefaulu krediti 60 kwa miaka miwili, sasa anataka uuguzi. Idara ya uuguzi inazitambua 35 tu. Alihitaji 48. Hajafeli hata kozi moja, lakini hawezi kushindana. Isitoshe, mafunzo ya wodini yanagongana na mazoezi ya mchana. Timu nayo hupewa pointi na NCAA kwa kila mwanamichezo mwenye ufadhili anayebaki chuoni akiwa na sifa za kucheza. Hakuna pointi ya kusomea alichokipenda. Mshauri anayelipwa na idara ya michezo atamwambia nini? Mara nyingi, abaki alipo. Ndiyo maana utakuta timu nzima imerundikana kwenye shahada mbili tatu.

Sisemi haiwezekani. Sally Kipyego alitwaa mataji tisa ya vyuo akiwa Texas Tech na akahitimu uuguzi hapohapo. Lakini njia ya namna hiyo hupangwa tangu muhula wa kwanza, haivumbuliwi mwaka wa tatu.

Na huduma hii ikioza, huoza vibaya. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kwa takriban miaka 18 kiliendesha, katika idara yake moja, kozi zisizo na vipindi wala mhadhiri: mwanafunzi aliandika insha moja, na kwa muda mwingi katibu wa idara ndiye aliyetoa alama. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba zaidi ya wanafunzi 3,100 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo, na baadhi ya washauri wa wanamichezo ndio waliokuwa wakiwaelekeza huko. Mwaka 2017 NCAA ilisema haiwezi kukiadhibu chuo, kwa kuwa kozi zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu la wakili. Kijana aliyepewa alama nzuri bila kufundishwa alibaki na cheti kisicho na elimu ndani yake.

Anayetoka Kenya au Tanzania ana jambo moja zaidi. Viza yake inamtaka abaki mwanafunzi wa muda wote, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula. Akitaka kuacha kozi iliyomshinda, ushauri wa ofisi ya michezo hautoshi. Apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Kwa hiyo, mzazi, kocha akipiga simu kutoka ng'ambo, usimuulize juu ya viatu na jengo. Muulize mshauri wa masomo ameajiriwa na idara ya michezo au na upande wa taaluma. Muulize wakimbiaji wa kigeni waliomaliza kwake miaka mitano iliyopita walihitimu shahada gani. Mtajie fani ambayo mwanao anataka kuisomea, kisha uliza ni nani kwenye timu anaisomea sasa hivi. Na majibu yote yaombe kwa barua pepe, kabla mtoto hajatia sahihi.